Kikomo cha Intaneti Isiyo na Kikomo

Wenzangu mliobaki kaunta za Kilosa na Mikumi mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau. Ila niwaambie mapema kwamba humu hamtakuta habari za vyeo. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu katika miaka yote ile, na kimoja nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alihama.

Nilianza Kilosa mjini, kwenye chumba cha kuunganishia simu, enzi ambazo ukitaka kuongea na mtu wa Dodoma au Tanga ilibidi umwombe opereta. Opereta ndiye mimi, au ndivyo nilivyojiona asubuhi ile nilipoingia na blauzi aliyoipiga pasi dada yangu. Mbele yangu palikuwa na ubao wenye matundu mengi na waya nene zenye ncha za shaba. Unachomeka ncha moja kwa anayepiga, nyingine kwa anayepigiwa, unasikiliza mpaka wasikilizane, halafu unajitoa. Siku hiyo ya kwanza nilimuunganisha karani wa stesheni na bwana mifugo, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyepiga. Waliongea kwa adabu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Kiongozi wetu alikuwa Mama Perpetua, mjukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Asia," aliniambia, "ukikosea, mwambie mteja umekosea. Unachokijua, mwambie. Usichokijua, usimpe maneno ya kumtuliza. Hapa hatuuzi maneno ya kumtuliza mtu."

Yeye mwenyewe aliishi hivyo. Mto Mkondoa ulipofurika na kusomba nguzo, wengine wetu tulikuwa tunawaambia watu laini ina hitilafu kidogo, warudi baadaye. Mama Perpetua aliwaambia nguzo zimekwenda na maji na hajui zitarudishwa lini. Walimtukana. Kesho yake asubuhi walirudi, na wote walipanga foleni kwake.

Mitambo ya kisasa ikaja, ubao ukang'olewa, Mama Perpetua akastaafu, nami nikahamishiwa kaunta. Niliuza vocha za kukwangua, kisha nikasajili laini za simu. Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kunifundisha: kidole cha mtu aliyelima maisha yake yote hakisomeki kwenye mashine. Mashine inakataa, mtu anaona aibu kana kwamba amekuja na kidole cha kuazima. Dawa yake ni hii. Mwache akae kidogo, apake mafuta ya mgando kwenye vidole, afute, kisha ajaribu kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mkono usiotumika sana kwa jembe huwa bado una michirizi. Wazee wengi wa Masanze niliwasajili kwa vidole vyao vidogo.

Baadaye nilipelekwa Mikumi, kwenye lile duka letu la kando ya barabara kuu, ambapo malori ya Iringa yakipita kioo kinatetemeka na kalamu inatembea yenyewe mezani. Mwenzangu alikuwa Shabani, fundi wa kufunga ruta na kupanda minara, mtu wa maneno machache. Adui yake mkubwa alikuwa nyani. Nyani wa Mikumi hawaogopi kampuni yoyote. Walikuwa wakikalia antena juu ya mapaa na kuzigeuza zielekee porini, na Shabani akipanda kuzirudisha walikuwa wanakaa pembeni wakimtazama kama wakaguzi.

Hapo ndipo ikaja intaneti ya nyumbani. Ilikuja na lori la visanduku vyeupe vya ruta na stika kubwa ya kubandika kwenye kioo cha duka: INTANETI YA NYUMBANI BILA KIKOMO. Nilisaidia kuibandika. Nilishika upande wa kushoto, Shabani upande wa kulia, na tuliridhika kwamba imenyooka.

Watu walinunua kwa furaha. Katikati ya mwezi wa kwanza wakaanza kurudi, na hawakuwa na furaha. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: kila mteja alikuwa na kiasi cha data kwa mwezi, ambacho hakikutajwa popote kwenye stika wala kwenye fomu. Akishakimaliza, kampuni haimkatii; inamshushia kasi mpaka picha moja inafunguka huku chai inapoa. Kwa hesabu za wakubwa, kwa kuwa intaneti haijakatwa, basi haina kikomo. Ni sawa na kumwekea mtu bomba ukamwahidi halitafungwa, kisha likaanza kudondosha tone moja moja. Kweli, halijafungwa.

Tulipewa karatasi ya majibu, imepigwa laminesheni ili isichakae. Jibu la kwanza lilisema kifurushi cha mteja hakina kikomo bali kasi yake imerekebishwa kwa mujibu wa sera ya matumizi ya haki. Jibu la mwisho lilisema mteja asiporidhika aelekezwe kupiga simu huduma kwa wateja. Niliyasoma majibu hayo kwa wiki nyingi. Naandika hili kwa sababu msije mkadhani nilikuwa shujaa tangu siku ya kwanza. Nilimsomea mwenye nyumba ya wageni, nilimsomea mwalimu wa sekondari, nilimsomea mama mchungaji. Nilijifunza pia kuwasaidia kwa njia ndogo: waulize simu ngapi zimeunganishwa, waonyeshe pa kuzima programu zinazojipakua zenyewe, washushe ubora wa video, waitoe ruta nyuma ya friji. Yule mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameandika nywila yake kwa chaki kwenye ukuta wa nje, na utingo wote wa barabara ya Iringa walikuwa wakiifahamu. Hayo yalisaidia. Lakini nilipomaliza kuyasema, mteja alikuwa bado ameuziwa kitu kisichokuwepo, na aliyemuuzia nilikuwa mimi.

Kisha akaja Yusta.

Yusta ni fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni, mzaliwa wa Masanze. Anashona sare za shule kwenye chumba cha tatu kutoka dukani kwetu. Alipiga goti kidogo kunisalimia, akafungua daftari, akaandika: "Shikamoo mama. Intaneti yangu imekuwa mbovu. Mikono inakatika."

Sikuelewa. Nikampa karatasi ya majibu ajisomee. Aliisoma yote kwa utulivu, akafika jibu la mwisho, akaweka kidole chake kwenye maneno "piga simu", kisha kidole hichohicho akakiweka kwenye sikio lake. Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasubiri nione mwenyewe.

Nilivuta kiti, akaniandikia habari yake. Alikuwa akiwafundisha lugha ya alama kina mama watatu wenye watoto viziwi, mmoja yuko Lumuma, mmoja Dumila, mmoja Masanze kwao. Hakuna shule ya watoto hao karibu na nyumbani, na mama asiyejua alama hawezi kuongea na mwanawe zaidi ya kumwonyesha chakula na fimbo. Basi kila jioni Yusta alikuwa akiwafundisha kwa video, mama na mtoto pamoja. Ndiyo maana alinunua kile kisanduku. Video inakula data, kasi inashushwa, na hapo mikono inakatika. Aliandika: "Ninyi picha ikiganda mnaendelea kusikiana. Sisi picha ikiganda tumenyamazishwa."

Nilimweleza ukweli kuhusu kile kiasi cha data. Nilikuwa mtu wa kwanza kumwambia, na ilikuwa mwezi wa tatu tangu nimuuzie.

Wiki mbili baadaye, mchana, Yusta aliingia dukani mbio, simu mkononi, akawapita watu wote kwenye foleni. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na sura ya mtoto wa kike imeganda, mikono imeinuliwa nusu. Yule alikuwa Tumaini, binti wa miaka tisa, mtoto wa yule mama wa Lumuma. Yusta aliandika kwa haraka hata kalamu ikatoboa karatasi: mtoto ametoka shambani, mguu unavimba, mama yake anasema ni mwiba, mtoto anasema kitu kingine, mimi simwoni. Fungua kasi.

Sikuwa na uwezo wa kufungua kasi. Ombi kama hilo lilitakiwa kwenda kanda na kujibiwa kwa barua pepe. Tulichokuwa nacho ni mtandao wa ofisi, ambao nywila yake hairuhusiwi kupewa mteja, na onyo hilo lilikuwa limebandikwa juu ya kichwa changu. Nilichukua simu ya Yusta nikaiandika nywila mwenyewe.

Picha ikaachia. Mtoto alikuwa akilia huku anasema kwa mikono. Aliupitisha mkono wake wa kulia juu ya wa kushoto ukijipindapinda, kisha akachoma kifundo cha mguu kwa vidole viwili. Alirudia mara mbili. Sikuwa nikijua alama hata moja, nami nilielewa. Yusta aliandika neno moja kwa herufi kubwa, akanigeuzia daftari, akanionyesha simu na mdomo wangu.

Niliinamia simu. "Mama Tumaini, nisikilize. Si mwiba. Mwanao anasema ameumwa na nyoka. Usimfunge kamba, usimkate. Asitembee hata hatua moja. Mbebeni, tafuteni bodaboda mwende zahanati sasa hivi."

Nikamsikia yule mama akimwita shemeji yake kwa Kikaguru. Halafu picha ikawa inaonyesha anga tu, kwa sababu simu ilikuwa imeangushwa chini.

Yusta alikaa sakafuni akaegemea kaunta. Hatukupata habari mpaka siku ya pili yake: zahanati walimpa huduma ya kwanza wakamtafutia gari la kumpeleka hospitali, na daktari alisema wamewahi. Mguu ulipona. Tumaini sasa anakimbia kuliko kaka zake.

Niliandika barua kwa meneja wa kanda nikaeleza yote, nikakiri pia habari ya nywila. Sikuomba radhi. Niliuliza swali moja, kwamba kama kuna kikomo, kwa nini hatumwambii mteja kabla hajaweka sahihi.

Jibu lilikuja haraka, na lilikuwa zuri kwa namna yake. Kampuni imeguswa, na Yusta ataondolewa kikomo kabisa kama mteja maalumu, wataleta na mpiga picha. Nilimpelekea habari hiyo nikidhani nampelekea ushindi. Alikuwa anatia vifungo kwenye shati la shule. Alisoma ile barua, akaiweka pembeni, akamalizia kifungo, ndipo akachukua kalamu.

"Mimi siombi. Nilinunua. Yule mwalimu naye alinunua, na mwenye nyumba ya wageni. Mama wa Tumaini akinunua kesho, atadanganywa. Waambie wawape wote, au waandike ukweli."

Nilirudi dukani nikiwa na haya kuliko siku ile ya kidole kwenye sikio. Asubuhi iliyofuata nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilichukua kalamu nyekundu, na tangu siku hiyo kila fomu ya mteja mpya niliandika juu, kwa mkono wangu, kiasi cha data na maneno haya: baada ya hapo kasi itashushwa. Nikamsomea mteja kwa sauti, nikasubiri aamue. La pili, nilichukua wembe na beseni la maji ya sabuni nikatoka nje. Shabani aliniona nikikwangua neno KIKOMO. Niliogopa ataniuliza nimepewa idhini na nani. Aliingia ndani, akarudi na ngazi yake, akaanza upande wa BILA.

Meneja wa kanda alifika wiki hiyohiyo. Alikuwa kijana msomi na mwenye adabu, hata siku hiyo alianza na shikamoo mama, nikaitika marahaba, ndipo akanipa barua ya onyo. Alisema nimeharibu mali ya kampuni na kuwatisha wateja. Nilimuuliza kama kuna neno lolote la uongo katika niliyoandika kwenye fomu. Alisema suala si uongo, suala ni utaratibu. Nikamwambia basi tumekubaliana kwamba si uongo.

"Mama Asia, umebakiza miaka michache," aliniambia taratibu. "Ya nini haya?"

"Ndiyo hiyo michache ninayotaka kuifanya vizuri," nilimjibu. "Kalamu ikiisha wino, nitanunua nyingine."

Barua ya onyo ilikuwa na nafasi ya sahihi. Niliandika: nimeipokea, sikubaliani nayo, na nitaendelea. Nakala yake ninayo nyumbani kwenye bahasha moja na vyeti vyangu vya shule. Ilifuata ya pili. Nayo nikaijibu hivyohivyo. Jambo ambalo wakubwa hawakulitegemea ni kwamba wateja hawakukimbia. Waliosoma maandishi yangu mekundu wengi walichukua kifurushi, wakapanga matumizi yao, na hawakurudi kunipigia kaunta ngumi. Wenzangu wa Kilosa walisikia, nao wakanunua kalamu nyekundu. Sikuwashauri. Sikuwakataza pia.

Yusta naye hakukaa kimya. Alipita na daftari lake duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, akieleza kwa maandishi na kukusanya sahihi za walionunua intaneti isiyo na kikomo wakakutana na kikomo. Yule mwenye nyumba ya wageni alimpeleka kwa gari mpaka Dumila na Kilosa. Mimi kama mfanyakazi sikutakiwa kutia sahihi. Nilitia, na mbele ya sahihi yangu nikaandika kazi yangu ili mtu asije akasema nilijificha. Nakala moja ya sahihi hizo ilikwenda kwa kampuni, nyingine kwa wanaosimamia mambo ya mawasiliano.

Ilichukua miezi. Katikati hapo tulichoka, na kuna siku Yusta alikuja dukani akaandika tu "Bado?" nami nikaandika chini yake "Bado", tukakaa tukanywa chai. Mwishowe zililetwa fomu mpya. Kiasi cha data kimechapishwa juu kabisa, kwa herufi zilezile za jina la kifurushi. Na kwenye kompyuta zenu mkawekewa kile kitufe ambacho kaunta inaweza kukibonyeza kumrudishia mteja kasi kwa siku nzima akiwa na dharura, bila kuandika barua pepe kwa mtu yeyote. Kitumieni. Msingoje mtu atoboe karatasi kwa kalamu mbele yenu.

Sitawadanganya kwamba kikomo kiliondoka. Kipo. Yusta bado anapunguza masomo wiki ya mwisho ya mwezi ili akiba ibaki ya dharura, na jambo hilo linaniudhi hadi leo. Ila sasa anakijua kikomo kilipo, na anabishana nacho akiwa amekiona. Mimi nimejiunga na darasa lake. Mwalimu wangu wa mazoezi ni Tumaini, ambaye hunicheka kwa sababu vidole vyangu ni vizito, na ambaye hanihurumii hata kidogo.

Wiki yangu ya mwisho kazini, makao makuu walituma watu wa matangazo. Walisikia kuna mama aliyeanza na waya za kuchomeka na anastaafu akiuza intaneti, wakaona ni picha nzuri. Walinivalisha fulana mpya, wakanipa kisanduku cheupe nikishike kifuani, wakanisimamisha mbele ya kioo. Nyuma yangu wakaanza kunyoosha bango. Niligeuka kulisoma. BILA KIKOMO, kwa herufi za njano.

Niliwaambia nitapiga picha kwa furaha, nitacheka mpaka meno ya nyuma yaonekane, ila kwanza kile kiasi cha data kiandikwe kwenye bango, kwa herufi zenye urefu wa kichwa changu. Dada aliyekuwa anaongoza alitabasamu, akasema maelezo hayo huwekwa chini. Nikamwambia chini pana vumbi la malori, hapaonekani. Akapiga simu mahali, akaongea kwa muda, akarudi akasema haiwezekani. Nikamrudishia kisanduku. Nikavua fulana nikaikunja vizuri, kwa kuwa ndani nilikuwa na blauzi yangu, nikamrudishia nayo.

Mpiga picha alianza kukunja vifaa vyake. Ndani kulikuwa na watu watatu kwenye foleni, na wa mbele alikuwa mzee kutoka Masanze aliyekuja kuulizia intaneti ya nyumbani. Niliingia, nikamwamkia, nikamfungulia fomu, nikaanza kumsomea kutoka juu.